Karakana ya ngozi za manyoya Tabora: geuza upande wa nyama kabla hujalipa

Katika muda wa miezi minane nimenunua ngozi nne zenye manyoya, tatu za mbuzi na moja ya kondoo, katika karakana ndogo iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa kuelekea Kwihara. Tatu kati yake zingali katika hali ileile niliyozinunua nayo. Ya nne iliharibikia nyumbani kwangu, na lawama yake nitaigawa nitakapofika hapo. Ninachoweza kusema tangu sasa ni kwamba ufundi wa pale unapita nilivyotarajia kwa banda la mabati lenye viunzi sita vya miti, na kwamba uuzaji wake umeachwa nyuma sana na ufundi huo.

Siku ya kwanza niliingia, nikampa shikamoo mzee mwenye karakana, nikaenda moja kwa moja kwenye ngozi ya mbuzi wa mabaka meusi na meupe iliyotundikwa mlangoni, nikaanza kupapasa manyoya. Mzee aliishusha, akaigeuza, akaitandika juu ya benchi.

"Manyoya yatakudanganya, mwanangu," alisema. "Ngozi husomwa huku."

Alianza na tumbo na kwapa, kwa kuwa huko ndiko uozo unakotangulia. Alishika kishungi cha manyoya kwa vidole viwili, akavuta kwa nguvu, na hapakutoka hata unyoya mmoja. Ngozi iliyochelewa kutiwa chumvi hutoa manyoya kwa mafungu ukiivuta hivyo, na hakuna dawa itakayoyarudisha. Kisha akaiinua mlangoni, penye mwanga, ili nione kama kisu kilipita mahali. Palikuwa na mkwaruzo mmoja karibu na mguu wa nyuma, ambao haukutokeza upande wa pili. Kwa mkwaruzo huo alinipunguzia Sh 3,000 kabla sijafungua mdomo.

Mikato ya kisu ndiyo inayoshusha daraja la ngozi nyingi za kwetu, nayo hutokea machinjioni, kabla fundi wa ngozi hajaitia machoni. Mchinjaji hulipwa kwa nyama. Ngozi kwake ni kitu cha kuondolewa upesi ili kazi iendelee. Mzee amelikabili jambo hilo kwa njia ninayoiona ya busara: hununua kwa wachinjaji watatu tu, amewapa visu vya kuchunia vyenye ncha ya mviringo, na huwaongezea malipo kwa kila mbuzi aliyechunwa kwa ngumi. Mbuzi aliyetundikwa vizuri hahitaji kisu ila kwa kupasua mistari ya mwanzo ya tumboni na miguuni. Baada ya hapo mchunaji huingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, akasukuma taratibu mpaka ngozi ikaachia yenyewe. Ngozi ya namna hiyo hutoka haina tundu, tena haibebi mabaki mengi ya nyama.

Nilibahatika siku moja kukuta mzigo ukiingia, saa mbili asubuhi, ngozi zikiwa bado na uvuguvugu. Hazikulundikwa pembeni zikisubiri chai. Mpwa wa mzee, kijana aliyesomea teknolojia ya ngozi katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, aliziosha damu, akazichuja maji, akazitandaza upande wa nyama ukiwa juu, akazisugua chumvi ya Uvinza mpaka kwenye kingo, kwa kipimo kisichopungua theluthi moja ya uzito wa ngozi yenyewe. Chumvi huvuta maji, na bakteria wanaoozesha ngozi hawastawi pasipo maji; kwa hiyo uzembe wa saa chache za mwanzo haufidiwi na kazi ya wiki zote zinazofuata. Niliuliza kwa nini chumvi inayobaki sakafuni inafagiwa na kutupwa, ilhali imenunuliwa kwa fedha. Kijana alinijibu kwamba chumvi iliyokwisha kutumika huhifadhi vimelea vinavyostahimili chumvi, navyo huacha madoa mekundu upande wa nyama. Nikaikumbuka ngozi niliyowahi kuinunua mnadani, yenye madoa hayohayo, ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni rangi yake ya kuzaliwa.

Hatua ya kukwangua utando niliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ngozi hulazwa juu ya gogo laini lililoinamishwa, na mzee huisukumia chini kisu butu chenye mishikio miwili, akitumia uzito wa mabega wala si makali. Anapokaribia shingoni, ambako ngozi ni nene, huongeza nguvu. Akifika ubavuni hupunguza mpaka kisu kinateleza tu, na mlio wake hubadilika. Nadhani husikiliza zaidi kuliko kutazama. Utando ukiachwa, dawa ya kuifanya ngozi isioze na ilainike haipenyi, na mahali hapo patabaki pagumu hata ngozi nyingine yote ikilainika.

Ngozi za kuuzwa zikiwa kavu huwambwa kwenye viunzi, kivulini, hewa ikipita pande zote mbili. Jua la Tabora la Septemba na Oktoba lingeonekana kuwa msaada, kumbe ndilo adui: ngozi iliyoanikwa chini juani hukauka juu ikafunga huku ndani ingali na maji, na joto hugeuza baadhi ya sehemu zake kuwa kama gundi. Kasoro hiyo haionekani kwa macho. Hujitokeza kwa mnunuzi, siku anapoiloweka na kuiona ikitoboka.

Wanakataa ngozi za aina mbili, na katika hili ninawasifu bila kusita. Ya kwanza ni ya mnyama aliyekufa mwenyewe, kwa kuhofia kimeta, ugonjwa ambao vimelea vyake hukaa katika ngozi kavu kwa miaka na huweza kumwambukiza anayeishika. Ya pili ni ya mnyamapori. Nilimsikia mteja akiulizia ngozi ya chui kwa ajili ya vazi la ngoma. Alijibiwa kwa upole kwamba kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hiyo ni nyara ya serikali, kisha akaonyeshwa ngozi ya beberu mwenye madoadoa. Aliinunua.

Sasa nije kwenye ile ya kondoo. Karakana ina namna mbili za kuitia ngozi dawa. Namna ya kwanza ni shabu na chumvi. Shabu ninayoisema ni yale mawe meupe ambayo vinyozi hupaka kidevuni baada ya kunyoa. Ngozi hukaa humo siku kadhaa, hutolewa, na ikifikia kuwa nusu kavu huvutwa na kurudishwa juu ya ukingo wa ubao mpaka iwe nyeupe na laini kama blanketi. Namna ya pili ni muwati, mti uliopandwa kwa wingi Njombe kwa ajili ya magome yake. Hii huchukua wiki nyingi, na huacha upande wa nyama ukiwa na rangi ya kahawia. Niliichagua ya shabu kwa sababu ya weupe wake, na hakuna aliyeniambia neno. Mwezi wa tatu mtoto aliimwagia uji, shemeji yangu akailoweka katika beseni la maji ya sabuni, na ilipokauka ungeweza kuisimamisha ukutani kama bati. Shabu haishikamani na ngozi kwa nguvu. Maji huitoa, na ngozi hurudi kuwa mbichi. Muwati hauondoki kwa namna hiyo.

Kosa langu ni kutouliza. La kwao ni kubwa zaidi, kwa sababu wanaijua tofauti hiyo kama wanavyoijua mikono yao, na maelezo ya sentensi moja, au hata kikaratasi kilichoshonwa kwenye ukingo, yangetosha. Upungufu huohuo niliuona kwa kijana aliyetaka ngozi ya kuwambia ngoma: alikuwa karibu kulipia ngozi iliyokwisha kulainishwa, ambayo ingetoa mlio wa gunia, wakati ngoma hutaka ngozi mbichi iliyokaushwa tu. Mzee alimwahi kwa bahati, akirudi kutoka msikitini. Asipokuwepo yeye, anayepokea fedha ni mtu asiyejua kazi.

Bei nilizolipa ni Sh 25,000 kwa mbuzi wa shabu, Sh 40,000 kwa mbuzi wa muwati na Sh 35,000 kwa kondoo. Nikilinganisha na saa zinazotumika, siwezi kuziita kubwa, ingawa nawajua watu watakaoshangaa, kwa kuwa wamezoea kuona ngozi ghafi ikitupwa baada ya Idi. Risiti hutolewa ukiomba. Harufu ya banda ni kali hadi kama saa nne asubuhi, kabla maji ya kuoshea hayajamwagwa, na agizo langu la muwati lilichelewa siku tisa kwa sababu ya mvua za Januari. Ngozi zenyewe, zikishakamilika, hazinuki.

Ile ya kondoo niliirudisha. Mzee aliikunja, ikalia kama karatasi, akacheka kidogo, akaniomba radhi. Waliitia upya, safari hii kwa muwati, kwa Sh 10,000. Imelainika tena isipokuwa shingoni, na manyoya yake, yaliyokuwa meupe, sasa yana wekundu hafifu wa chai ya rangi.