Florence Price na Dvořák usiku mmoja, nendeni jamani

Nimetoka kusikiliza okestra ya mtaani hapa Chicago, sio ile Chicago Symphony yenyewe, ni hawa wanaopigia kanisani South Side, tiketi bei poa. Walianza na kipande kifupi cha Joseph Bologne, yule mtunzi mzaliwa wa Guadeloupe wa miaka ya 1700, violini safi sina neno, halafu Simfoni namba 1 (simfoni ni muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa) ya mtunzi Florence Price, na baada ya mapumziko ile simfoni ya New World ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki.

Price aisee! Hii simfoni Chicago Symphony ndo waliipiga mara ya kwanza mwaka 1933, hapahapa mjini, mwanamke mweusi wa kwanza kupigiwa simfoni na okestra kubwa Marekani, halafu mama wa watu akaja kusahaulika mpaka 2009 watu wakakuta marundo ya nota zake kwenye nyumba iliyotelekezwa kule St. Anne, Illinois. Inauma sana. Sehemu ya pili matarumbeta na matromboni yanaimba taratibu kama kwaya, ngoma inaitikia kwa chini, mwishoni kengele. Ya tatu ndo Juba, mchezo wa watumwa waliokuwa wanajipiga mapaja na vifua sababu sehemu nyingi ngoma walikatazwa. Bibi mmoja mbele yangu akaanza kupiga paja lake pole pole akifuata mdundo, na hakuna aliyemkataza.

Uzuri wenyewe ni kuziweka hizi mbili pamoja. Zote zimejengwa kwenye ngazi moja ya sauti, E minor, na kile chombo cha ukoo wa zumari, cor anglais, kilipoingia kwenye Largo, ile sehemu ya taratibu ya Dvořák, bado masikio yalikuwa na Price, ukasikia wazi dada alijifunza kwenye muziki wa huyu mzee, ila mzee naye alipokuwa New York alikuwa anaimbiwa nyimbo za watumwa na mwanafunzi mweusi, Harry Burleigh, na simfoni yake ikatoka 1893. Ukipigiwa Dvořák peke yake hilo hulipati.

Kasoro ni kijitabu cha programu, Dvořák kapewa ukurasa mzima, Price mistari michache, wakati yeye ndo watu hawamjui! Na wengine waliingia mapumzikoni kabisa, wamekuja kwa New World tu. Mi ningempa Price afunge usiku.

Wanarudia Jumapili saa tisa alasiri, wahini mapema mkae karibu na wapiga ngoma.