Iliki ya kivulini: mbegu au chipukizi?

Iliki, ambayo katika milima ya Usambara Mashariki hustawi chini ya miti mikubwa, huweza kuzalishwa kwa mbegu au kwa machipukizi. Mbegu hutoa miche mingi kwa gharama ndogo, lakini sharti zitoke kwenye matunda yaliyoiva karibuni, kwa kuwa zikikaa hupoteza uwezo wa kuota. Tena miche yake hutofautiana na mmea mama, na huchukua takriban miaka 3 kabla ya kuzaa.

Chipukizi huitangulia miche hiyo kwa mwaka mmoja hivi, na hurithi sifa zote za shina lililochaguliwa. Hapo ndipo penye hatari pia, kwani ugonjwa wa virusi unaoacha michirizi ya njano kwenye majani huhama pamoja na tunguu, yaani shina nene la ardhini ambalo chipukizi huchipua kwalo.

Kwa bustani ya nyumbani, naona chipukizi ni bora, mradi shina mama liwe safi: kata kipande cha tunguu chenye bua moja kongwe na chipukizi changa, ukipande juujuu, maana kikizikwa chini sana huoza, kisha utandaze majani makavu. Kivuli, kwa njia zote mbili, kiwe cha kupitisha mwanga kiasi. Giza totoro huleta majani mengi na matunda haba.