Sony HT-S20R: sauti ya sinema kwa bajeti ndogo

Kwa sebule ya kawaida, na kama mfuko hauruhusu resiva (kifaa kinachoendesha spika) na spika za kununua mojamoja, HT-S20R inafaa sana. Ni mfumo wa 5.1: saundiba ya mbele, spika mbili ndogo za nyuma na sabufa. Spika zote huungwa kwa waya kwenye sabufa, maana amplifaya imo humo. Pima waya zitapita wapi kabla hujalipa.

Lalamiko la kila mara ni kwamba spika za nyuma hazilii. Mara nyingi kosa liko kwenye TV. Chomeka HDMI kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC (hilo ndilo hurudisha sauti ya TV kwenye spika), si lolote lile. Washa CEC, inayowezesha vifaa kuwasiliana kupitia HDMI (Samsung huiita Anynet+, LG huiita SimpLink), kisha kwenye mipangilio ya sauti ondoa PCM (namna mojawapo ya TV kutoa sauti) uweke Auto au Bitstream. Ukiacha PCM, mfumo unapokea chaneli mbili tu, kushoto na kulia. TV haina ARC? Tumia waya wa optiko. Bluetooth iache kwa muziki wa simu.

Spika za nyuma zikae pembeni, nyuma kidogo ya kochi na juu kidogo ya masikio. Sabufa ikivuma hovyo, itoe kwenye kona. Hata sentimita 30 huleta tofauti.

Dolby Atmos, yaani sauti inayosikika pia kama inatoka juu, haina. Kwa bei hii si hasara: mazungumzo yanasikika wazi, na hapo ndipo spika za TV nyembamba hushindwa.