Propela ya kompositi kwenye RV-9A: nilivyochagua pichi na ninavyoiona sasa

Propela ninayoizungumzia ni ya kampuni ya Catto, ya mapanga mawili, pichi isiyobadilika, iliyofungwa kwenye Van's RV-9A, ndege ndogo ya viti viwili niliyoiunda mwenyewe katika hanga la kukodi kwenye uwanja wa Vance Brand, mjini Longmont, jimbo la Colorado. Injini ni Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 160, ambayo hutoa nguvu hiyo ikifika mizunguko 2,700 kwa dakika. Nimeirusha kwenye joto la Julai na kwenye theluji ya Januari, na nimeridhika nayo kabisa. Ila kuridhika kwangu kumetokana zaidi na pichi niliyoagiza kuliko jina lililoandikwa kwenye panga, kwa hiyo msomaji anivumilie, mengi humu ni habari za pichi, yaani mlalo wa mapanga, ambayo nitaieleza kwa kirefu hapa chini.

Injini niliinunua ikiwa imeshatumika, ikaja na propela yake ya alumini. Propela ya alumini ni kitu cha kuheshimiwa: mvua haiisumbui, kokoto ikiipiga fundi mwenye leseni analainisha jeraha kwa tupa, na mtumba wake hupatikana kwa bei ya maana. Tatizo ni uzito. Kwenye mizani yangu ile ya alumini ilisoma kilo 17, hii ya kompositi kilo 6 na kidogo. RV-9A husimama kwa gurudumu dogo la mbele lenye mguu mwembamba wa chuma, na kila kilo unayoiondoa puani unaupunguzia mguu huo kazi, hasa ukitua kwenye nyasi.

La pili ni mtetemo. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili katika kila mzunguko, na kila pigo linapita kwenye krankishafti (mhimili mkuu wa injini) hadi kwenye propela. Alumini huyapokea mapigo hayo na kutetema nayo, na ikitetema kwa muda mrefu kwenye mzunguko usioifaa huchoka na hatimaye hupasuka. Ndiyo sababu propela nyingi za metali huja na mipaka: usikae kwenye mizunguko hii, usivuke ile. Mbao na nyuzi huyameza mapigo. Hii yangu ina moyo wa mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, juu yake nyuzi za glasi na kaboni zilizoloweshwa epoksi, na ukingo wa mbele umevikwa nikeli.

Kabla ya kufika kwa Catto niliwasiliana na mtengenezaji mwingine, ambaye simtaji. Aliniuliza aina ya injini, aina ya ndege, na rangi ninayotaka. Basi. Niliachana naye siku ile ile. Mtu anayekuuzia propela ya pichi isiyobadilika bila kukuuliza unarukia wapi anakuuzia bahati nasibu, kwa sababu propela hii hutaibadilisha gia angani. Pichi utakayopewa ndiyo utakayopaa nayo, ndiyo utakayosafiri nayo, na ndiyo itakayokutoa siku utakapoghairi kutua huku miti ikiwa mbele yako.

Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja lau hewa ingekuwa kitu kigumu, kama skrubu inavyoingia kwenye ubao. Yangu ina kipenyo cha inchi 68 na pichi ya inchi 70. Ukizidisha inchi 70 kwa mizunguko 2,700 kwa dakika unapata karibu kilomita 288 kwa saa, yaani noti 155 hivi. Mtu akifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza hudhani amepata mwendo wa juu kabisa wa ndege yake. Sivyo. Ndege yangu hupita noti 160 kwa mizunguko hiyo hiyo. Namba ya pichi kwa kawaida hupimwa kwenye uso bapa wa nyuma wa panga, lakini panga lina mgongo uliopinda kama bawa, na bawa lililopinda huendelea kuvuta hata pembe ya ule uso bapa ikifika sifuri. Isitoshe, kila mtengenezaji ana umbo lake na namna yake ya kupima. Kwa hiyo namba 70 ya huyu si 70 ya yule, na ukimuuliza jirani hangani "yako pichi gani?" kisha ukaagiza hiyo hiyo kwa mtengenezaji tofauti, utakuwa umenakili jibu la swali lingine.

Uwanja wetu uko futi 5,055 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 32 za joto, hewa yake ni nyembamba kama ile ya futi 8,000 na zaidi siku ya kawaida. Kwa hewa hiyo injini ya farasi 160 isiyo na turbo haiwezi kutoa zaidi ya farasi 120 hivi, hata ukiiachia mizunguko yote 2,700. Lakini mwanzoni mwa njia ya kurukia, ndege ikiwa imesimama, propela haiiruhusu injini kufika 2,700. Yangu huiachia 2,180. Injini inayozunguka kwa asilimia 80 ya mizunguko yake hutoa takriban asilimia 80 ya nguvu iliyobaki, kwa hiyo unaanza safari yako na farasi wasiofika 100. Kwa pichi kubwa zaidi mizunguko ingeshuka zaidi na nguvu ingepungua zaidi, wakati ambapo unaihitaji kuliko wakati wowote.

Tena kipima mizunguko hakitakuonya. Nilitazamia namba ya ndege ikiwa imesimama ibadilike sana kati ya Januari na Julai. Haibadiliki kiasi cha kutisha. Hewa ikiwa nyembamba injini hupungukiwa nguvu, lakini propela nayo hupungukiwa hewa ya kusukuma, na vyote viwili hushuka karibu kwa kiwango kimoja. Mshale unasimama palepale ulipozoea, huku msukumo umepungua na njia ya kurukia inaliwa kwa kasi. Wenzangu wanaorukia Wilson, Nairobi, futi 5,546, wanalijua hili miilini mwao. Anayerukia Mombasa anaweza kuagiza pichi ya kusafiria bila wasiwasi mwingi. Wa Wilson afikirie mara mbili.

Catto, niliowaagiza, walitaka kujua mwinuko wa uwanja, urefu wa njia, uzito wa ndege ikiwa imejaa, mizunguko niliyokuwa nikipata kwa ile ya alumini ikiwa imesimama na ikiwa mwendo kamili futi 8,000, pamoja na mwendo halisi niliopima kwa GPS katika pande tatu ili kuondoa athari ya upepo. Hesabu hizo nilikuwa nazo tayari kwa sababu nilizichukua kwa utaratibu, asubuhi mapema hewa ikiwa imetulia. Nawasihi wote mfanye hivyo kabla ya kuagiza chochote. Pia hakiki kipima mizunguko chako kwa kifaa cha mwanga, maana vipo vingi vinavyodanganya kwa mizunguko 50 au zaidi, na mizunguko 50 inatosha kabisa kukukosesha inchi moja ya pichi.

Lengo tulilokubaliana lilikuwa hili: throto (kidhibiti cha nguvu ya injini) ikiwa imefunguliwa yote, ndege ikiwa imetulia futi 8,000, injini ifike karibu sana na 2,700 bila kuivuka. Matokeo yamekuwa 2,690 kwa noti 165 za mwendo halisi. Kwenye kupanda kwa noti 90 inashika 2,350. Kwa safari za kawaida naiweka 2,500 na kupata noti 150 hivi, na injini inakunywa mafuta kistaarabu. Ni maafikiano ya kupanda na kusafiri, na kwa kiwanja cha milimani nilitaka mizani ielemee kidogo upande wa kupanda. Hii ina gharama yake: nikishuka tambarare za chini, kama nilipokwenda Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kwenye maonyesho ya EAA, chama cha waunda ndege, ambako uwanja uko futi 808 tu, nikisukuma throto yote mshale unavuka mstari mwekundu wa 2,700. Lazima mkono ubaki pale pale kwenye throto. Nimekubali gharama hiyo kwa moyo mweupe.

Kufunga kunahitaji subira. Bolti sita, sahani ya chuma mbele ya kitovu ili kueneza mkandamizo, na spana ya kupimia mkazo iliyohakikiwa. Usikisie. Propela yenye moyo wa mbao hushikwa kwa msuguano kati ya uso wake na uso wa krankishafti, na mbao hupumua: unyevu ukishuka husinyaa kidogo na mkazo wa bolti hupungua. Colorado ni kavu mno, kwa hiyo nilikagua mkazo baada ya kuruka mara ya kwanza, nikarudia baada ya saa chache, na sasa kila msimu unapobadilika. Ncha za mapanga zipite njia moja. Tofauti isizidi milimita 3 kwa propela ya namna hii, na yangu ilikuwa chini ya hapo. Mwisho fundi alifanya usawazishaji wa mtetemo injini ikiwa inazunguka, akaongeza wasa chache nyuma ya kofia ya propela. Mtetemo uliobaki hausikiki kitini. Mke wangu, ambaye alikuwa haongei angani kwa sababu ya kelele na mtikisiko, sasa tunazungumza njia nzima.

Upande wa sheria usiudharau. Hapa Marekani, ndege ya kujiundia iliyofungwa injini na propela zilizothibitishwa pamoja kwa kawaida hupewa saa 25 za majaribio, na mchanganyiko usiothibitishwa saa 40. Propela nyingi za kompositi za ndege zetu hazina cheti, kwa hiyo jipange kwa 40 ikiwa ndege yako bado mpya. Yangu ilikuwa imeshamaliza majaribio, hivyo kubadili propela kulihesabiwa kuwa badiliko kubwa: kuijulisha ofisi ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kuandika kwenye kitabu cha ndege, na kurudi eneo la majaribio kwa saa zisizopungua 5. Mimi nilizifurahia saa hizo, kwa sababu ndipo nilipoijua tabia ya ndege upya.

Sasa upungufu wake. Ule uzito wa alumini ulikuwa ukifanya kazi ya flaiwili, lile gurudumu zito linalotuliza mzunguko wa injini. Ukiuondoa, injini kwenye sailensa (mizunguko ya chini kabisa, throto ikiwa imefungwa) inayumba, na wakati wa kuzima inatikisika kabla ya kusimama. Nimepandisha sailensa kidogo, lakini ukipandisha sana ndege haitaki kutua, inaelea tu juu ya lami, na RV-9A kwa mabawa yake marefu ni hodari wa kuelea. Pia kitovu cha uzito kimerudi nyuma. Mizigo niliyokuwa nikiweka nyuma ya viti bila kufikiri sasa naipima. Ilinibidi nifanye hesabu mpya ya uzito na mizani, na wapo wanaofunga pete nzito nyuma ya propela ili kurudisha uzito puani na kutuliza sailensa. Mimi nilihamisha betri mbele, ikatosha.

Mvua nimepita nayo mara kadhaa, na nikeli haijaonyesha alama. Bila nikeli nisingethubutu. Tone la mvua likikutana na ncha ya panga inayokwenda zaidi ya mita 240 kwa sekunde linachimba rangi na epoksi kama mchanga. Ukiagiza kwa yeyote yule, lipia ukingo huo.

Kuhusu mapanga matatu: ni matulivu zaidi na hupendeza macho, na kwa kuwa kipenyo huwa kidogo, ncha hukaa mbali na ardhi. Mawili ni mepesi, ya bei nafuu, na ukiyalaza mlalo unavua boneti bila kuhangaika. Ufanisi wake pia huwa juu kidogo. Anayehangaika kabisa kuamua pichi aangalie propela ya kaboni ya kampuni ya Sensenich ambayo pembe yake hurekebishwa ndege ikiwa chini kwa kubadilisha pini. Ni nzito na ghali kuliko yangu, lakini inakuruhusu kujaribu. Ile ya pichi inayobadilika angani sikuifikiria. Ningetumia zaidi ya maradufu ya fedha nilizotumia, na puani ningerudisha uzito wote nilioutoa na zaidi.

Jambo la kuuliza kabla ya kulipa, na upate jibu kwa maandishi: kama mizunguko haitatoka tulivyokubaliana, utairekebisha pichi? Kwa gharama ya nani, na usafirishaji nani atalipa? Inchi moja hubadilisha mizunguko kati ya 30 na 50 hivi, na mara nyingi fundi wa propela anaweza kuipunguza pichi kidogo kwa kuchonga upya, lakini kuiongeza ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo ukisitasita kati ya namba mbili, jua pia ni ipi kati ya hizo mtengenezaji wako anaweza kuirekebisha baadaye.