Ukinunua chapa za Kiholanzi za Biblia, anza na mgongo

Malalamiko ya wasomaji kuhusu chapa, yaani picha za zamani zilizochapwa kwa bamba la shaba, yamenijaa na karibu yote yanafanana. Mmoja alinunua Ecce Homo ya Lucas van Leyden, ile ya mwaka 1510 ambamo Pilato anamtoa Yesu mbele ya umati, ikiwa ndani ya fremu nzuri ya mbao nyeusi. Alipoifungua akakuta karatasi imebandikwa kwa gundi kwenye kadibodi nene, kona hadi kona. Fundi wa kuhifadhi karatasi akaibandua taratibu, na nyuma kukatokea muhuri mdogo mwekundu wa Amand-Durand, Mfaransa aliyetoa nakala za kuigiza kazi za mabingwa wa zamani huko Paris karne ya 19. Muuzaji anadai hakujua. Haya.

Basi leo sizungumzii ukubwa, wala weupe wa karatasi, wala kama picha itapendeza sebuleni. Hayo kila muuzaji atakuimbia. Langu ni moja: chapa iliyobandikwa usiinunue, na chapa ambayo hujaonyeshwa nyuma yake ihesabu kuwa imebandikwa.

Kwa nini naling'ang'ania hili? Mchongaji alichimba mistari kwenye bamba la shaba kwa chuma chenye ncha. Bamba likapakwa wino, likafutwa mpaka wino ukabaki ndani ya mistari tu, kisha likapitishwa kwenye mashine pamoja na karatasi yenye unyevu, kwa mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana kwenye nakala nzuri wino umeinuka kidogo, unauona ukimulika taa kutoka pembeni, na kingo za bamba zimeacha alama ya kubonyea pande zote nne. Gundi ya maji na uzito wa kubandikia huvilaza vyote viwili. Tena hiyo alama ya bamba peke yake haikuokoi, kwa sababu Amand-Durand naye alichapa kwa mabamba ya shaba, kwa hiyo nakala zake nazo zina alama hiyo.

Ushahidi mwingi uko nyuma. Inua karatasi mbele ya mwanga. Karatasi ya karne ya 16 na 17 ilitengenezwa kwa fremu yenye nyaya, kwa hiyo utaona mistari myembamba iliyosongamana inayokatwa na mistari michache iliyoachana. Ukikuta karatasi laini isiyo na mistari yoyote, ujue teknolojia hiyo ilianza kutumika Uingereza miaka ya 1750, wakati mchongaji wako alikuwa kaburini zaidi ya karne nzima. Ukiwa na bahati utaona pia alama ya kiwanda ndani ya karatasi: kichwa cha mchekeshaji mwenye kofia ya kengele, au ngao ya Amsterdam yenye misalaba mitatu. Kwenye kadibodi huoni chochote kati ya hivyo.

Halafu kuna mihuri ya wenye mali wa zamani. Frits Lugt aliikusanya kwenye kitabu mwaka 1921, akaongeza juzuu mwaka 1956, na leo unaitafuta bure kwenye intaneti. Muhuri wa makumbusho nao uangalie kwa makini. Makumbusho kadhaa yaliuza nakala zilizozidi, na kwa kawaida yaligonga muhuri wa pili kuonyesha kwamba chapa imetolewa rasmi. Ukiona wa kwanza bila wa pili, uliza kwanza, usilipe.

Kuna na chapa zilizowahi kubandikwa kwenye albamu kisha mtu mwenye haraka akazinyofoa. Hizo zimekwanguka nyuma. Ukizishika mbele ya dirisha unaona mawingu meupe ambapo karatasi imebaki nyembamba, na mara nyingi mawingu hayo yapo hasa kwenye kona nne. Kwa mbele picha ni safi kabisa, na muuzaji ataandika "hali nzuri". Kona nne ninazivumilia kama bei inazikumbuka. Wingu likipita kwenye uso wa Bikira Maria, naachana nayo.

Pambizo zilizokatwa hazinisumbui. Wakusanyaji wa zamani walipenda kukata hadi ukingoni, na ukitaka zenye pambizo tu utazeeka unasubiri.

Sasa orodha yangu, na sijifichi: mimi ni mtu wa Haarlem, yaani nawapendelea wachongaji wa mji huo wa Uholanzi.

Nafasi ya kwanza ni karakana ya Hendrick Goltzius. Alihamia Haarlem mwaka 1577, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la moto la utotoni, lakini hakuna aliyechimba mstari unaonenepa na kukonda kama yeye. Picha zake sita za maisha ya Maria, za 1593 na 1594, kila moja aliichonga kwa mtindo wa bingwa mwingine. Tohara ya Yesu aliifanya kama ya Dürer, bingwa wa Ujerumani, na Mamajusi kama ya Lucas van Leyden. Karel van Mander, mwandishi wa maisha ya wachoraji, aliandika mwaka 1604 kwamba Goltzius aliichoma sehemu yenye alama yake kwenye nakala ya Tohara, akaifukiza moshi na kuikunjakunja ionekane kuukuu, na wajuzi wakaamini ni Dürer asiyewahi kuonekana. Kwa hiyo hata huyu kipenzi changu alijua biashara ya kuuzia watu moshi. Alifanya pia Mateso ya Kristo, picha 12, kati ya 1596 na 1598.

Goltzius mwenyewe aliye safi ni ghali. Ndiyo maana nawaelekeza kwa watu wa karakana yake: Jacob Matham, mtoto wake wa kambo, na Jan Saenredam. Adamu na Hawa ambao Saenredam aliwachonga mwaka 1604 kutoka michoro ya Abraham Bloemaert wana ngozi unayoweza kuihisi kwa macho, na jina lake bado halijapandishiwa bei na kila mtu. Kwangu, hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi.

Nafasi ya pili ni michoro ya Maarten van Heemskerck, naye wa Haarlem, aliyefariki mwaka 1574. Yeye alichora, wengine wakachonga: Coornhert, aliyemfundisha Goltzius, na baadaye Philips Galle, aliyehamishia kazi Antwerp. Kwa masimulizi ya Agano la Kale hana mpinzani, watu wamejaa misuli na magofu ya Roma yako kila kona. Lakini soma maandishi ya chini. Jina linalofuatwa na "invenit" ni la aliyebuni, "sculpsit" ni la aliyechonga, na "excudit" ni la aliyechapisha. Mabamba yalinunuliwa na kurithiwa. Claes Jansz. Visscher wa Amsterdam alikusanya mabamba mengi ya zamani akayachapa upya kwenye Theatrum Biblicum, kitabu chake cha picha za Biblia, kuanzia 1639. Ukiona jina lake kwenye picha ya Heemskerck, umeshika nakala iliyotoka zaidi ya nusu karne baada ya bamba kuchongwa. Inaweza kuwa ya kupendeza, ila isiuzwe kwa bei ya nakala ya kwanza.

Nafasi ya tatu, ndugu wa Wierix wa Antwerp. Vipicha vidogo vya sala, kazi ya sonara. Johannes alinakili Dürer akiwa kijana mdogo na akaandika umri wake kwenye bamba. Ukipenda vitu vidogo, nenda huko.

Lucas van Leyden nimemweka nafasi ya nne, na najua nitatukanwa. Dürer alikutana naye Antwerp mwaka 1521, akatoa chapa zake za thamani ya gulden 8 apate chapa zote za Lucas. Wakati huo ilikuwa biashara nzuri. Tatizo ni kwamba Lucas alichimba mistari myembamba isiyo na kina, mabamba yakachoka mapema, na nyingi zinazozunguka sokoni leo ni za kijivu, anga limefutika na nyuso hazina macho. Nakala yake nzuri inashinda karibu zote nilizozitaja. Hutaiona kwa bei yako wala yangu.

Kwa Rembrandt simo. Picha zake nyingi ni za asidi na sindano, si za kuchongwa kwa chuma, na mabamba yake yaliendelea kuchapwa muda mrefu baada ya kifo chake. Ile maarufu ya Yesu akiponya wagonjwa, kapteni mmoja aitwaye William Baillie alilinunua bamba lake karne ya 18, akalichongachonga upya, kisha akalikata vipande vinne. Wauzaji wanakuuzia jina.

Za bei rahisi: kurasa zilizokatwa kutoka Biblia kubwa ya Pieter Mortier ya Amsterdam, mwaka 1700, na za Jan Luyken. Za kujifunzia macho, zinatosha.

Nije kwa wauzaji wenyewe. Minada ya mtandaoni inaweka picha moja ya mbele, ndani ya kioo, taa inang'aa juu yake, halafu chini wanaandika "haikuchunguzwa nje ya fremu". Kwa nini haikuchunguzwa? Fremu ina misumari minne. Ukishinda mnada wanaongeza ada, mara nyingi robo ya bei au zaidi, kwa kazi ambayo hawakuifanya. Wengine wanaziosha kwa dawa ya kung'arisha hadi karatasi ya miaka 400 inakuwa nyeupe kama ya fotokopi, kisha weupe huo unageuka sababu ya kupandisha bei. Na nyie mlioko Mombasa na Dar, unyevu wa pwani unaleta madoa ya kahawia haraka, kwa hiyo karatasi iliyolewa dawa na gundi itawaharibikia kabla ya yangu huku.

Kabla ya kulinganisha bei, linganisha mistari. Makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam yameweka picha zake kubwa mtandaoni na kuzipakua ni bure. Fungua yao kando ya ile ya muuzaji, angalia vivuli vizito kwanza, kisha anga. Halafu mwandikie: "Naomba picha ya nyuma nje ya fremu, picha nyingine ikiwa mbele ya mwanga, na uniambie kama imebandikwa popote." Akijibu kwamba kuifungua kutaharibu fremu, mwambie fremu abaki nayo.