Mwaka mmoja wa kumlisha Jeki: punje za gunia au nyama mbichi

Jeki ni chotara: baba yake German Shepherd, mama yake mbwa wa kienyeji wa hapahapa Tabata. Ana miaka minne na uzito wa kilo 31. Miaka mitatu ya mwanzo alikula kama wanavyokula mbwa wengi wa Dar es Salaam, yaani ugali wa dona uliosongwa na vumbi la dagaa, na mifupa siku ikibahatika. Hakuugua, ila mbavu zilihesabika na manyoya yalikuwa magumu kama fagio. Mwaka jana mambo yangu yaliponyooka kidogo nikasema mbwa huyu analala nje, mvua yake jua lake, akinilindia wanangu. Naye ale chakula cha maana.

Nikaanza na chakula kikavu cha punje, cha daraja la juu, kile cha kutoka nje. Mfuko wa kilo 15 uliuzwa shilingi 210,000, na mimi kwa mkupuo sikuwa nazo. Duka likawa linanipimia kilo mbili mbili kutoka kwenye mfuko uliokwisha kufunguliwa na kuegeshwa mlangoni. Wiki tatu za kwanza Jeki alisafisha bakuli hadi likang'aa. Mwezi wa pili akaanza kusuasua, ananusa, anaondoka, anarudi usiku kwa njaa. Kisha akaanza kujikuna. Alijikuna masikioni na chini ya kwapa mpaka ngozi ikawa nyekundu, na usiku nilisikia mguu wake ukigonga sakafu ya baraza, tap tap tap, nisipate usingizi.

Nikahukumu kwamba punje ndizo mbaya. Kila mwenye mbwa niliyemuuliza aliniambia mbwa na mbwa mwitu ni ukoo mmoja, mpe nyama mbichi uone. Wazo hilo alilieneza zaidi Ian Billinghurst, daktari wa mifugo wa Australia, tangu mwaka 1993: nyama, mifupa yenye nyama, viungo vya ndani na mboga kidogo, vyote bila kupikwa. Nikaingia miguu yote miwili.

Na niseme ukweli, nilichokiona kilinifurahisha. Nilimpa gramu 800 kwa siku, karibu asilimia 2.5 ya uzito wake: shingo za kuku, moyo wa ng'ombe, mapupu, na maini yasiyozidi gramu 40 kwa sababu vitamini A ikizidi inamdhuru. Siku ambazo hakupata mifupa nilisaga maganda ya mayai, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya nyama. Usilipuuze hilo. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, na mtoto wa mbwa wa jamii kubwa akilelewa kwa nyama tupu mifupa yake inakua laini na kupinda. Baada ya wiki nne kujikuna kukaisha. Kinyesi kikawa kidogo na kikavu, manyoya yakaanza kung'aa, na alikuwa ananisubiri getini kabla sijazima gari.

Kazi yake sasa. Kila Jumamosi alfajiri nilikuwa nanunua nyama, halafu saa mbili nzima jikoni nakata, napima, nafunga vifurushi. Nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu haitaki damu ya kuku kwenye meza, kwa hiyo baada ya kukata ni sabuni, maji ya moto, dawa ya kuulia vijidudu, na kibao chake peke yake kilichokaa juu ya kabati. Mara moja tukasafiri kwenda msibani Moshi, umeme wa LUKU ukaisha, na tuliporudi kilo tisa za nyama zilikuwa zinachuruzika hadi sebuleni. Nilizika zote nyuma ya nyumba.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonikomesha ni usiku mmoja wa Jumamosi. Siku hiyo mapupu niliyanunua kwa mtu anayepitisha nyama kwenye ndoo, siyo buchani. Nikakata pande la kwanza, la pili, kwenye la tatu kisu kikazama upesi mno na maji meupe safi yakaruka hadi kwenye kiwiko changu. Nikapanua kwa vidole. Ndani kulikuwa na kifuko cha ukubwa wa ndimu, kuta zake nyeupe na laini kama ule utando ulio ndani ya ganda la yai, na maji yaliyobaki yalikuwa na chembechembe kama mchanga mwembamba zilizotua chini. Nikapiga picha nikamtumia daktari wetu wa mifugo. Akanipigia papo hapo: "Dada, usimpe hata kipande. Osha mikono, kichome chote, kesho mlete Jeki."

Hivyo ni vifuko vya tegu wa mbwa, aina ya mnyoo wa tumboni. Mbwa akila pafu au ini lenye kifuko, mategu wadogo wa milimita chache wanakua ndani ya utumbo wake, na yeye mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Mayai yanatoka na kinyesi, yananasa kwenye manyoya. Mtoto anamkumbatia mbwa, anatia vidole mdomoni, na kifuko kama kile kinaanza kukua ndani ya ini au pafu la mtoto, polepole, miaka kwa miaka, mpaka mara nyingi ahitaji upasuaji. Wafugaji wanaujua ugonjwa huu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizoteseka nao zaidi duniani, na AMREF, shirika la afya la Afrika, lilikuwa na mradi wa kupambana nao kule tangu miaka ya 1980. Mimi nilikuwa nausoma kama habari za mbali, kumbe naukata mwenyewe kwenye kibao. Binti yangu hulala na kichwa juu ya tumbo la Jeki wakati wa katuni.

Jeki akapewa prazikwanteli, dawa ya kuua tegu. Tukiwa pale kliniki daktari akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: zile punje za mwanzo nilikuwa nazinunua vipi? Nikamweleza kuhusu kupimiwa. Akatikisa kichwa. Punje zinapikwa kwa mvuke na mgandamizo, zinakaushwa, halafu mafuta yananyunyiziwa juu yake mwishoni. Mafuta hayo yako nje kabisa, yanapigwa na hewa. Mfuko ukikaa wazi kwenye joto na unyevu wa Dar, yanaharibika, vitamini zinakufa, na ukungu nao ukipata nafasi unaingia. Nikakumbuka ile harufu: mafuta ya kukaangia samaki yaliyokaa wiki. Nilikuwa nainusa kila asubuhi nikidhani ndivyo chakula cha mbwa kinavyonuka.

Kwa hiyo ulinganisho wangu wote ulikuwa umepinda tangu mwanzo. Niliweka chakula kilichoharibika upande mmoja na nyama ya asubuhi upande wa pili, nyama ikashinda. Ningeshangaa isingeshinda.

Nikajibana, nikanunua mfuko mzima uliofungwa, chapa ileile. Huu ni mwezi wa sita. Jeki hajikuni. Manyoya ni yaleyale ya wakati wa nyama, nimeshindwa kuona tofauti. Kinyesi ni kingi kuliko cha nyama, hilo lipo, na furaha ya getini imepungua kidogo, kwa hiyo jioni namwongezea konzi ya mapupu au moyo niliyochemsha zaidi ya nusu saa, bila chumvi wala kitunguu, pamoja na supu yake. Mifupa iliyopikwa simpi kamwe, inavunjika vipande vyenye ncha.

Kuhusu pesa, wengi wanalinganisha kilo kwa kilo na hapo wanapotea. Nyama kwa sehemu kubwa ni maji, kama asilimia 70; punje zina maji asilimia 10 hivi. Jeki anakula gramu 380 za punje, mfuko unafika siku 39, ambayo ni kama shilingi 5,400 kwa siku. Nyama mchanganyiko ilinigharimu kama 5,200, bado umeme wa friza, mafuta ya gari na Jumamosi zangu.

Mwenye machinjio anayoyaamini, friza yake peke yake isiyofunguliwa kila saa na watoto wanaotafuta barafu, na nyumba isiyo na mtoto mdogo, anaweza kulisha nyama mbichi na mbwa akapendeza. Nimeyaona kwa macho yangu. Ila ajue kugandisha vizuri kunaua tegu, lakini hakuui salmonela, bakteria wa kuharisha. Mwenye mtoto wa mbwa wa jamii kubwa ningemsihi atumie punje za watoto wa jamii hiyo hadi akomae, kwa ajili ya mifupa yake.

Mfuko wetu hukaa ndani ya ndoo kubwa yenye mfuniko, punje zikiwa ndani ya mfuko wake wa asili, mdomo umekunjwa na kubanwa kwa vibanio vya nguo. Tarehe ya kuufungua naiandika kwa kalamu ya wino mzito. Kila asubuhi binti yangu anachota kikombe kimoja, ananusa kwanza kama nilivyomfundisha, halafu anaita, "Jeki, njoo."