Mizani, kalipa na kamera ya kukuza: kipi kimenisaidia kutambua sarafu ya Kigiriki

Vyote vitatu nimevijaribu kwenye sarafu moja ya shaba iliyolika: mbele kichwa, nyuma mpanda farasi, maandishi karibu yote yamefutika. Mizani ya gramu 0.01 naipa nyota 5, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) 4, kamera ya kukuza ya USB 2.

Mpanda farasi peke yake hakuambii kitu, kwani watawala kadhaa walimtumia. Sarafu za shaba za mpanda farasi za Philip II, mfalme wa Makedonia (359–336 K.K.), huwa na kipenyo cha milimita 17 hivi na uzito wa gramu 6 hadi 7. Za Hieron II, mtawala wa Syracuse (mji wa Kigiriki kisiwani Sicily), zenye mpanda farasi hufika milimita 27 na gramu 17 au zaidi. Yangu: gramu 6.31, milimita 17.4 kwa 18.1 (pima pande mbili, haziwi duara kamili). Hieron nje. Cassander, mfalme mwingine wa Makedonia, hata hivyo, alibaki, maana shaba zake za mpanda farasi zinakaribiana na hizo, na shaba haikupimwa kwa ukali kama fedha.

Kilichoamua ni tochi ya simu. Zima taa, ilaze tochi karibu usawa wa meza, kisha zungusha sarafu polepole. Kivuli kilionyesha utepe kwenye nywele: huyo ni mungu Apollo, anayewekwa kwenye shaba hizi za Philip. Cassander huweka shujaa Herakles aliyejifunika ngozi ya simba. Juu ya farasi zikajitokeza herufi ΠΠΟΥ, mwisho wa ΦΙΛΙΠΠΟΥ, yaani “ya Philip”.

Kamera inatangazwa kukuza mara 1000. Ukikuza hivyo unaona kutu tu. Lenzi ya mara 10 inatosha. Kamera inafaa kukagua ukingo: mshono au vitundu vya hewa ni dalili ya sarafu ya kumiminwa, pengine bandia.

Mizani izimie feni, la sivyo tarakimu hazitulii, na nunua jiwe la kusawazishia ikiwa halimo kwenye boksi. Kalipa chukua ya plastiki. Ya chuma inakwaruza patina (tabaka la rangi lililojijenga juu ya shaba kwa miaka). Ndimu na siki weka mbali kabisa. Ukiona unga wa kijani kibichi unaopukutika, tenga sarafu hiyo na nyingine na uiweke pakavu.

Alama ndogo chini ya farasi, inayotenganisha matoleo, imelika. Kwa hiyo kwenye bahasha nimeandika Philip II, toleo halijulikani.